Mtoto akitapika safarini: tatizo halianzii tumboni, linaanzia kati ya sikio na jicho

Desemba ikifika, stendi za Bukoba na Muleba hujaa watoto. Wapo wanaoshuka kwenye mabasi kutoka Dar es Salaam na Mwanza kuja kuwasalimia bibi na babu, na wapo wa shule za bweni wanaorudi nyumbani. Miongoni mwao hakosekani yule anayeshuka akiwa ameshikwa mkono, midomo imepauka, shati limelowa kifuani, macho yanatafuta mahali pa kukaa. Amesafiri akitapika.

Mzazi wake ameshasikia kila aina ya maneno njiani. Kuna aliyesema mtoto amelishwa mno, kuna aliyesema amedekezwa, na hakukosekana aliyenong'ona kwamba safari yenyewe ina mkono wa mtu. Matokeo yake, familia nyingine huamua mtoto huyo asisafiri tena, abaki kwa jirani wenzake wanapokwenda kijijini. Nyingine humpa kidonge chochote kitakachomlaza mpaka wafike.

Uamuzi wa kwanza unamnyima mtoto ndugu zake. Wa pili unaweza kumnyima pumzi. Na lipo kosa la tatu, ambalo kwa mkoa wenye malaria kama Kagera ni hatari zaidi: kudhani kila mtoto anayetapika ndani ya gari anasumbuliwa na gari, kumbe ni mgonjwa.

Habari njema ni kwamba kichefuchefu cha safari kinaeleweka vizuri, na sehemu kubwa ya tiba yake haiuzwi dukani.

Kinachotokea kichwani

Ndani kabisa ya kila sikio, nyuma ya ngoma, kuna kiungo kidogo kisichohusika na kusikia. Kazi yake ni kuupa mwili mizani. Kina vijifereji vitatu vilivyopinda kama pete, vimejaa majimaji, na kando yake kuna vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo mno vya chokaa. Gari likikata kona, majimaji husogea. Likifunga breki, likiruka tuta au likipanda mlima, vijiwe huelemea upande mmoja. Mishipa ya fahamu hupeleka taarifa, na ubongo hujua kwamba mwili uko mwendoni.

Macho nayo hupeleka taarifa yao. Mtoto aliyeinamia simu, au aliyekaa mahali asipoona kitu isipokuwa mgongo wa kiti cha mbele, macho yake yanaona vitu vilivyotulia. Sikio linasema tunakwenda, tunapinda, tunapanda. Jicho linasema tumekaa. Taarifa hizo mbili zikipingana kwa muda, ubongo unashindwa kuzipatanisha, na mtoto huanza kupiga miayo, kutokwa mate mengi, jasho la baridi, kichwa kuuma, kisha kutapika.

Kwa nini ugomvi wa sikio na jicho uishie tumboni? Mwaka 1977 mwanasayansi Michel Treisman alitoa hoja ambayo bado inazungumzwa. Alisema kwa maelfu ya miaka kabla ya magari na meli, kitu ambacho kingeweza kuvuruga hisia za binadamu namna hiyo kilikuwa sumu iliyoliwa. Kwa hiyo ubongo ukiona taarifa hazilingani, unachukua tahadhari ya zamani: toa kilichomo tumboni. Kama hoja hiyo ni sahihi, basi mwili wa mtoto anayetapika unajilinda, ila umekosea adui.

Kwamba chanzo kiko sikioni lilidhihirika wazi nchini Marekani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa jeshi la majini la nchi hiyo, wakishirikiana na shirika la anga la NASA, walifanya majaribio na wanaume 11 viziwi kutoka Chuo cha Gallaudet. Kumi kati yao walipoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo, ambayo iliharibu pia kile kiungo cha mizani. Siku moja walipandishwa kwenye feri katika maji yaliyochafuka karibu na Nova Scotia, Kanada. Wanaume wale walicheza karata na kupiga soga bila shida yoyote. Watafiti wenyewe ndio waliougua, hadi jaribio likakatishwa.

Somo kwa mzazi ni hili: mtoto anayetapika garini ana masikio yanayofanya kazi yake sawasawa. Si mdhaifu, hajadekezwa na hajarogwa.

Nani huathirika zaidi

Watoto wachanga hadi karibu miaka miwili huathirika mara chache. Tatizo huanza kuonekana baada ya umri huo, hufikia kilele kati ya miaka saba na 12 hivi, kisha kwa wengi hupungua wanapovuka ujana. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa akisafiri vizuri mgongoni mwa mama anaweza kuanza kutapika akiwa darasa la kwanza, na mzazi akashangaa kimetokea nini.

Tatizo hili hutembea katika koo. Kama wewe au mwenzako mlikuwa mkitapika mkiwa wadogo, msishangae kumwona mtoto akifuata nyayo. Wanawake husumbuliwa zaidi kuliko wanaume, hasa wakati wa ujauzito na karibu na hedhi. Watu wenye kipandauso nao wako kwenye kundi hilo.

Dereva, kwa upande wake, hatapiki. Si kwamba ana mwili wa chuma. Anaangalia mbele na anajua kona inakuja kabla gari halijapinda, hivyo jicho na sikio lake vinakubaliana. Karibu kila ushauri utakaousoma hapa chini una lengo moja: kumfanya mtoto aone kile anachokiona dereva.

Barabara na ziwa letu

Atokaye Bukoba kwenda Mwanza hupita Kemondo, Muhutwe, Muleba, kisha Biharamulo na Geita. Ni lami, lakini ni lami ya vilima: unapanda, unashuka, unakata kona, unakanyaga matuta kila penye shule au soko. Anayechepuka Muhutwe kupanda Kamachumu anakutana na mlima na kona zake. Mwenda Karagwe naye ana milima yake baada ya Kyaka.

Kuna badiliko moja ambalo wazazi wengi hawajalifikiria. Zamani, basi la Mwanza lilipofika Busisi abiria walishuka, wakapanda kivuko kwa miguu na kupata upepo wa ziwa kabla ya kurudi ndani ya basi upande wa Kigongo. Tangu Daraja la John Pombe Magufuli lifunguliwe Juni 2025, kilomita tatu zile zinavukwa kwa dakika chache bila kushuka. Muda umeokolewa, na hilo ni jambo jema. Lakini mtoto mwenye kichefuchefu amepoteza mapumziko aliyokuwa akiyapata bila kuyaomba. Mapumziko hayo sasa lazima yapangwe.

Ziwani, mwendo ni wa aina nyingine. Wimbi linainua chombo na kukishusha polepole, tena na tena, na mwendo huo wa kupanda na kushuka taratibu ndio unaosumbua sikio kuliko mwingine wowote. Tangu enzi za kale mabaharia wameufahamu. Hata neno la Kigiriki lililozaa neno la kitabibu la kichefuchefu katika lugha za Ulaya linatokana na neno la meli. Wakazi wa visiwa vya Muleba kama Bumbire, Goziba na Ikuza wanaujua bila kusoma kitabu, hasa siku ambayo upepo umeamka na boti imejaa harufu ya petroli na dagaa.

Kabla ya kuondoka

Usimsafirishe mtoto na njaa, wala usimjaze. Tumbo tupu huzidisha kichefuchefu sawa na tumbo lililoshiba mno. Mpe chakula chepesi saa moja au mbili kabla ya safari: uji mwepesi, ndizi mbivu, mkate mkavu au kiazi cha kuchemsha. Ndizi zilizoungwa kwa mafuta mengi, chipsi mayai, maziwa mengi na soda vinaweza kusubiri mpaka mfike. Senene wa kukaanga ni zawadi nzuri ya kwenda nayo Dar es Salaam, lakini wafungwe vizuri na wakae mbali na pua ya mtoto.

Mlaze mapema usiku wa kuamkia safari. Mtoto aliyeamshwa saa tisa usiku baada ya kulala saa sita huanza safari akiwa ameshachoka, na uchovu huongeza tatizo.

Kata tiketi mapema ili uchague kiti. Kwenye basi, viti vizuri ni vya mbele, au vya katikati kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, dirishani. Viti vibaya ni vya nyuma kabisa, ambako kila tuta humrusha mtoto. Kwenye Hiace, epuka kile kibenchi cha nyuma ya dereva kinachowatazama abiria wenzako. Kukaa kinyume na mwendo wa gari ni kuliita tatizo kwa jina lake. Kwenye gari dogo, mtoto akae kiti cha nyuma, katikati kama kuna mkanda mzuri, mahali anapoweza kuona kioo cha mbele.

Andaa chombo cha kutapikia. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku Juni 1, 2019, ule mfuko wa rambo ambao kondakta alikuwa akiutoa si wa kutegemea tena. Kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, lile la siagi au la rangi lililosafishwa vizuri, linafaa zaidi: halivuji, halitoi harufu na linaoshwa. Weka na kitambaa, nguo ya kubadili, chupa ya maji na paketi ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini.

La mwisho, usimtishe. Kumwambia mtoto asubuhi "leo usinitie aibu" ni kumwanzishia safari vibaya, maana hofu yenyewe huleta kichefuchefu. Kwa wanaopanda meli, familia nyingi za Bukoba zina kumbukumbu nzito ya MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996. Ni historia ambayo watoto wetu wanapaswa kuijua, lakini si ya kusimuliwa gatini wakati wa kupanda chombo.

Mkiwa njiani

Simu na kitabu vikae kwenye begi. Hili ndilo gumu kwa wazazi wa leo, kwa sababu simu humnyamazisha mtoto. Humnyamazisha kwa nusu saa, kisha unalipa. Video iliyowekwa mbele ya basi nayo asiikazie macho.

Badala yake, mpe kazi ya kuangalia mbali: kilima kinachofuata, upeo wa ziwa, mstari ambapo mbingu inakutana na ardhi. Asiangalie migomba ya kando ya barabara inayopita kwa kasi, kwani nayo huchosha macho. Shindaneni nani atakuwa wa kwanza kuliona ziwa. Tegeaneni vitendawili, imbeni, mwombe bibi aliyekaa kiti cha pili asimulie hadithi. Michezo ya mdomo na masikio haihitaji macho, na ndiyo mizuri kuliko yote garini.

Kichwa kitulie. Mwegemeze kwenye kiti au kwenye bega lako ili kisiyumbe kwa kila kona. Akitaka kulala, mwache alale. Macho yakifumbwa, mgongano unapungua.

Hewa ipite. Fungua dirisha kidogo au elekeza kipenyo cha kiyoyozi usoni mwake. Manukato makali, samaki wa kukaanga na moshi wa mafuta humaliza nguvu ya mtoto ambaye alikuwa anajikaza. Kwa gari lako binafsi, simama kila baada ya saa moja au mbili, mtoto ashuke, atembee dakika chache. Kwa basi, tumia kila kituo mnachosimama, hata kama hamna cha kununua, na umwambie kondakta mapema kwamba una mtoto anayesumbuliwa. Makondakta wengi wakiambiwa kabla husaidia, wakishtukizwa hununa.

Akianza kupauka au kupiga miayo mfululizo, usisubiri. Mwelekeze aangalie mbele, avute pumzi polepole kwa pua na kuitoa kwa mdomo, umpangusie uso kwa kitambaa chenye maji ya baridi. Akitapika, muinamishe mbele au mgeuze ubavu. Mtoto aliyelala chali anaweza kupaliwa na matapishi.

Na usimruhusu kamwe kutoa kichwa nje ya dirisha la gari linalotembea. Gari linalopishana nanyi au nguzo ya kando ya barabara haisubiri amalize. Kopo lako lina kazi hiyo.

Akishatapika, asukutue mdomo, apumzike kama dakika kumi, kisha anywe maji kwa mafunda madogo madogo. Kumpa chupa nzima kwa mara moja ni kumwandalia tapishi la pili.

Mkiwa ziwani

Meli ya New Victoria Hapa Kazi Tu, iliyorejea majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, ni chombo cha safari ya usiku kati ya Mwanza na Bukoba kupitia Kemondo. Kwenye meli, mahali panapoyumba kidogo ni katikati ya chombo, sehemu za chini karibu na usawa wa maji. Mbele kabisa, nyuma kabisa na juu kabisa ndiko kunakorusha zaidi. Mchana, mtoto akae mahali anapoona upeo. Usiku hakuna upeo wa kuuona, kwa hiyo njia bora ni kumlaza, kichwa kimeegemezwa vizuri, macho yamefumbwa.

Kwenye boti za kwenda visiwani, mtoto akae katikati, mbali na injini na moshi wake, akiangalia kule mnakokwenda. Avae boya la kujiokolea tangu mnapopanda hadi mnaposhuka, na boya liwe la saizi yake. Watoto wenye kichefuchefu hujiinamia ukingoni ili watapikie ziwani, na wimbi moja linatosha kumtoa. Mtu mzima amshike kiunoni muda wote, au atapike ndani ya kopo. Boti itaoshwa.

Akishuka nchi kavu na kusema ardhi inacheza, usiogope. Ubongo uliozoea mawimbi unahitaji saa kadhaa kuzoea udongo tena.

Ndimu, tangawizi na dawa

Tangawizi imefanyiwa utafiti mara nyingi na majibu hayajafanana, lakini baadhi ya watu huwasaidia, na kwa kiasi kidogo cha chakula haina madhara kwa watoto wengi. Chai nyepesi ya tangawizi au kipande kidogo cha kutafuna kwa mtoto mkubwa kinatosha. Kunusa ndimu au ganda la chungwa humsaidia mtoto kukwepa harufu ya mafuta ya gari. Pipi za mnanaa apewe mtoto mkubwa tu. Mdogo anaweza kupaliwa barabara inaporuka.

Dawa za hospitali zipo, na historia yake ina kisa cha kuvutia. Mwaka 1947, katika kliniki ya mzio huko Baltimore, Marekani, mama mjamzito aliyekuwa akitibiwa vipele alibaini kwamba tangu aanze dawa yake mpya hasumbuliwi tena na kichefuchefu kwenye tramu. Dawa hiyo ni dimenhidrinati, na mwaka uliofuata ilijaribiwa kwa wanajeshi waliokuwa wakivuka bahari ya Atlantiki. Mpaka leo, dawa nyingi za kichefuchefu cha safari ni ndugu za dawa za mzio, na ndiyo maana nyingi huleta usingizi.

Kabla hujanunua, shika mambo haya manne.

Kwanza, umri. Promethazini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Phenergan, haipaswi kupewa mtoto aliye chini ya miaka miwili. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali kwa sababu imesababisha watoto wadogo kupungukiwa pumzi hadi kufa. Hata kwa aliyevuka umri huo, dozi hupangwa na mtaalamu kwa umri na uzito, si kwa kukisia nusu ya kidonge cha baba. Dimenhidrinati kwa kawaida huanzia miaka miwili, sinarizini miaka mitano.

Pili, muda. Dawa hizi huzuia kuliko zinavyotibu. Zinanywewa nusu saa hadi saa moja au mbili kabla ya safari, kulingana na dawa yenyewe. Ukimpa mtoto ambaye tayari anatapika, kidonge kitatoka pamoja na uji.

Tatu, dawa isiyo yake. Metoklopramidi, inayojulikana sana kwa jina la Plasil, ni dawa ya kuzuia kutapika lakini haisaidii kichefuchefu cha safari, na kwa watoto inaweza kukakamaza misuli ya shingo na uso. Ondansetroni nayo, pamoja na sifa zake kwa magonjwa mengine, haizuii tatizo hili.

Nne, mchanganyiko. Kama mtoto anatumia dawa ya mafua au kikohozi inayoleta usingizi, mweleze muuzaji wa duka la dawa muhimu kabla hujachukua nyingine. Dawa mbili za usingizi kwenye mwili mdogo ni hatari, na mtoto aliyelazwa kwa dawa ndani ya basi la usiku hana anayemwangalia anavyopumua. Kama hajawahi kutumia dawa hiyo, mjaribu nayo nyumbani siku ambayo hamsafiri.

Pale ambapo si safari

Kichefuchefu cha safari kina tabia moja ya kukitambua: huja na mwendo na huondoka na mwendo. Gari likisimama, mtoto hupata nafuu ndani ya muda mfupi, na baada ya saa chache anadai chakula. Pia hakileti homa. Hivyo ukimgusa mtoto anayetapika ukamkuta anaunguza, acha kulaumu barabara.

Hapa wazazi wanaokuja Kagera kwa likizo wawe makini. Vimelea vya malaria kwa kawaida huchukua kati ya siku saba na 14, na wakati mwingine zaidi, tangu mbu aume hadi dalili zionekane. Mtoto aliyefika kwa bibi Desemba 20 na kulala bila chandarua anaweza kuanza kuumwa siku zile zile mnazorudi mjini kuwahi shule. Alitapika wakati wa kuja, anatapika wakati wa kurudi, na kila mtu ndani ya basi anasema "huyu ndivyo alivyo". Tapishi la kuja lilikuwa la safari. La kurudi linaweza kuwa la malaria, na safari ya zaidi ya siku nzima hadi Dar es Salaam ni muda mrefu mno kwa mtoto mwenye malaria kali kukaa bila kipimo.

Muleba inaijua malaria vizuri. Ni huko ulikofanyika utafiti wa vyandarua vilivyoongezwa kiambata cha PBO, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet, yakionyesha kwamba vinawakinga watoto vizuri kuliko vile vya kawaida pale mbu walipozoea dawa. Basi chandarua kiwe kitu cha kwanza kwenye begi la likizo, na kipimo cha haraka cha malaria kiwe jambo la kwanza mtoto akipata homa. Rubya, Ndolage, Kagondo na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bukoba haziko mbali na barabara mnayopita.

Mpeleke mtoto kituo cha afya bila kusubiri mwisho wa safari endapo ana homa, ametapika damu au majimaji ya kijani, analalamika tumbo kuuma sana, shingo imekakamaa, amepata degedege, ni mgumu kuamka, aligonga kichwa kabla ya kuanza kutapika, au hajakojoa kwa saa sita hadi nane. Mtoto aliye chini ya miaka miwili anayetapika tena na tena garini naye achunguzwe, kwa sababu umri huo si wa kichefuchefu cha safari.

Mkoa wetu pia umepitia Marburg, Bukoba Vijijini mwezi Machi 2023 na Biharamulo mwezi Januari 2025, na milipuko yote miwili ilidhibitiwa na kutangazwa kuisha. Tangu hapo, mtoto akitapika kwenye basi abiria hushtuka, na si haki kuwalaumu. Kwa mzazi, jibu ni utulivu: mtoto asiye na homa, aliyekuwa mzima asubuhi na aliyeanza kutapika baada ya kona kadhaa, sema hivyo wazi kwa wanaokuzunguka. Safisha matapishi yake mwenyewe, nawa mikono kwa sabuni, usimwachie abiria mwingine. Ukiona mtu mwenye homa kali, kuishiwa nguvu na kutapika, usiguse matapishi yake. Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.

Msimfungie ndani

Kumzuia mtoto asisafiri hakumponyi. Ubongo hujifunza mwendo kwa kuuzoea. Ndiyo maana mabaharia wengi wanaougua siku ya kwanza huwa wazima siku ya tatu. Anza na safari fupi: Bukoba mjini hadi Kemondo Jumamosi moja, hadi Muleba mjini wiki nyingine, akiwa amekaa mbele na ameshiba kiasi. Kila safari anayoifika salama humwondolea hofu kidogo ya inayofuata.

Mpe na yeye wajibu. Mtoto wa miaka minane anaweza kuchagua kiti, kushika kopo lake na kusema mapema "mama, naanza kusikia vibaya", lakini atasema tu kama anajua hatachekwa wala kugombezwa. Likizo hii, kabla ya kukata tiketi, kaa naye dakika kumi umweleze habari ya sikio na jicho kama ulivyoisoma hapa. Kisha mtafute wote wawili lile kopo lenye mfuniko unaobana.